Maalim, Nisome Kitabu Gani? Somo la Kuchagua na Kupendekeza Riwaya kwa Vijana



Tunaanza kwa jina la Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, katika jarida letu tumezoea kuandika juu ya tajwid, udhu, adabu za chuo na maisha ya masahaba. Mwaka huu nimeona niandike juu ya swali ambalo mnaniuliza kila mara baada ya darasa, na wengine wenu mnaniuliza kwa sauti ya chini: “Maalim, inafaa kusoma riwaya? Na kama inafaa, nisome kitabu gani?” Swali la kwanza hujibiwa kwa maneno machache. La pili lina uzito, kwa sababu anayemwambia mwenziwe “soma hiki” amebeba amana. Somo letu la leo ni juu ya amana hiyo.

NIANZE NA KOSA LANGU

Mnamo mwaka 2009 nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyekuwa kidato cha tatu skuli, na jioni akihudhuria chuo hapa Kiwengwa. Siku moja baada ya Alasiri nilikiona kitabu kimechomoza katika mkoba wake, pembeni ya juzuu. Nikamuuliza ni kitabu gani. Akanijibu, “Cha kaka, maalim. Wanakisoma skuli, kidato cha sita.” Kilikuwa Vuta N’kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Mimi nilikuwa sijaisoma. Nilikuwa nimesikia tu kuwa ndani yake mna mambo ya mapenzi. Nikakichukua, nikamwambia aje na mzee wake akitake. Hakuna aliyekuja. Nikakitia katika sanduku la chuo, nikakisahau.

Miezi michache baadaye tulisikia kuwa yule binti ameolewa. Skuli hakurudi tena, na chuoni pia hakurudi.

Ramadhani moja nilikuwa nikipanga sanduku lile nikakikuta kitabu. Nilikisoma kwa usiku tatu, baada ya Tarawehe. Nikaona kinaanza na msichana wa Kihindi wa hapa Unguja, jina lake Yasmin, umri wake miaka kumi na tano, wazee wake wamemuoza kwa mtu mzima ambaye angefaa kuwa baba yake. Yasmin hakuulizwa. Habari yote inayofuata inatokana na hapo.

Baadaye mke wangu alizungumza na mama wa yule binti. Akaambiwa kuwa siku zile mama na mwana walikuwa wakikisoma kitabu hicho pamoja usiku, jikoni. Binti akisoma, mama akisikiliza huku akichambua mchele. Wakati huo posa ilikuwa imeshaingia nyumbani. Na mama, kwa sababu ya yule Yasmin wa kitabuni, alikuwa ameanza kumuuliza mwanawe: “Na wewe je, moyo wako unasemaje?” Siku mbili tatu baadaye kitabu kikawa hakipo, na mazungumzo yakaisha.

Wanafunzi wangu, sisemi kuwa kitabu kingeliizuia ndoa ile. Hayo ni ya Allah. Ninachosema ni kuwa katika darasa la fiqhi mimi mwenyewe nilikuwa nikifundisha kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha bikira atakwe idhini yake kabla ya kuozwa. Hadithi hiyo imo ndani ya Bukhari na Muslim. Mama na mwana walikuwa wamepata njia ya kulifikia jambo lile lile ninalolifundisha, nami nikaifunga njia hiyo bila ya kujua ninafunga nini. Nilikihukumu kitabu ambacho sijakisoma.

HADITHI SI JAMBO GENI KWETU

Wako wanaosema kuwa hadithi za kubuni ni upuuzi ulioletwa na wageni. Tutizame vizuri. Bibi zetu wamelea watoto kwa paukwa na pakawa, na kwa visa vya Abunuwasi, kabla hapajakuwa na hoteli hata moja katika pwani hii. Wanavyuoni wetu nao wameandika hadithi. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusi aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqdhan: mtoto anayekulia peke yake katika kisiwa, akanyonyeshwa na paa, na kwa kutazama na kufikiri tu akafika kumjua Muumba wake. Kisa hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1671 na kwa Kiingereza mwaka 1708, na watu wa Ulaya wakakisoma sana. Kijana peke yake kisiwani, anajiuliza yeye ni nani na ametoka wapi: hiyo ni hadithi ya kijana hasa.

Na juu ya yote hayo ipo Suratu Yusuf, Sura ya 12, ambayo Allah (S.W.) mwenyewe ameieleza kuwa ndani yake mna masimulizi mazuri kabisa. Hiyo si hadithi ya kubuni, ni haki tupu. Lakini tujifunze kutokana na namna ilivyosimuliwa. Ndani yake mna husuda ya ndugu, mna uongo mbele ya baba, mna mtoto kuuzwa, mna mwanamke mwenye mume anayemtaka kijana wa nyumbani mwake, mna jela ya mtu asiye na kosa. Hakuna dhambi iliyofichwa. Pia hakuna dhambi iliyopambwa. Kila tendo limeonyeshwa lilipoanzia moyoni na lilipoishia.

Hapo ndipo tunapopata mizani yetu. Kutaja dhambi ni jambo moja, na kuipamba ni jambo jengine. Unapoisoma riwaya yoyote, jiulize mambo matatu:

1. Uovu uliomo umeonyeshwa pamoja na malipo na maumivu yake, au umefanywa mtamu usio na mwisho?

2. Aliyedhulumiwa amepewa nafasi ya kusema, au ni wa kuchekwa tu?

3. Ukifunga kitabu, moyo wako umekuwa laini kwa watu, au umekuwa mgumu na wenye matamanio?

Kitabu kikifeli katika yote matatu, kiache. Na viko vya namna hiyo, hasa vile vijitabu na hadithi za kwenye simu ambazo kazi yake ni kuamsha matamanio tu, kipande kwa kipande, ili urudi kesho. Muda wako una thamani kuliko hayo.

Lakini tusihukumu kwa kusikia. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa riwaya ya Rosa Mistika, juu ya msichana aliyelelewa na baba mlevi, mkali wa kupiga, asiyemfundisha chochote juu ya dunia. Alipotoka nyumbani msichana yule hakuwa na ngao. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku maskulini kwa kuogopwa kuwa itawaharibu vijana. Baadaye ikaruhusiwa na kusomeshwa, maana walioisoma mpaka mwisho waliona kuwa ni onyo kwa wazee kabla ya kuwa onyo kwa mabinti.

RIWAYA ZA VIJANA NI ZIPI?

Riwaya ya kijana ni ile ambayo mhusika wake mkuu ni kijana, na mambo tunayaona kwa macho yake. Habari zake ni zile zinazomkabili mtu anapotoka utotoni: kuondoka nyumbani, kufukuzwa skuli kwa kukosa ada, kazi ya mwanzo, rafiki mbaya na rafiki mwema, posa, kumtafuta mzazi, kuonewa kwa ajili ya rangi au vazi. Mtoto wa Kiwengwa anayajua mengi ya haya. Kuna wenzenu waliojifunza Kitaliana pwani kabla ya kumaliza juzuu ya pili, na wapo waliokwenda kufanya kazi hotelini ili wadogo zao wasome. Anapoyakuta mambo yake kitabuni, kijana hujua kuwa hayuko peke yake, na hupata maneno ya kuyasema.

ADABU TANO ZA KUPENDEKEZA KITABU

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kutakwa ushauri ni mwenye kuaminiwa. Basi mwenzako anapokuuliza “nisome nini?”, fuata adabu hizi:

Kwanza: Kisome wewe mwenyewe mpaka mwisho. Usipendekeze kwa jalada wala kwa sifa za watu. Na kama ulivyoona katika kosa langu, usikataze pia kwa jalada wala kwa sifa za watu.

Pili: Mjue unayempa. Kitabu kimoja ni dawa kwa mmoja na mzigo kwa mwengine. Mtoto wa darasa la sita usimpe kinachomfaa aliyemaliza kidato cha nne. Aliyefiwa na mama yake juzi, usimpe kitabu kinachoanza na kifo cha mama bila ya kumwambia.

Tatu: Sema kheri yake na ila zake. Mnaikumbuka habari ya muuza chakula sokoni: Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya fungu, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Kitabu ni hivyo hivyo. Kama mna sehemu ya ulevi, au mapenzi nje ya ndoa, au vipigo, sema: “Mna sehemu kama hii, na imekuja kwa sababu hii.” Usifiche, wala usikuze.

Nne: Usimmalizie hadithi. Mwambie inaanzaje, mwambie swali lake, kisha nyamaza. Ukimwambia mwisho umemnyima raha yake na umemnyima pia kufikiri.

Tano: Mrudie mzungumze. Muulize: “Umefika wapi? Umemuonaje fulani? Wewe ungelifanyaje?” Kitabu kisichozungumzwa ni nusu ya kitabu.

Na hapa niongeze tahadhari: hukumu za dini hazichukuliwi kutoka katika riwaya. Mwandishi anaweza kumfanya mhusika aseme neno lisilo sahihi juu ya sala, talaka au mirathi. Ukilikuta, liandike pembeni ulete darasani tulitizame pamoja.

VITABU SITA NINAVYOVIPENDEKEZA

Nimevichagua hivi kwa kufuata adabu nilizozitaja. Nimevipanga kuanzia vinavyowafaa wadogo kwenda kwa wakubwa.

1. Watoto wa Mama N’tilie, cha Emmanuel Mbogo (2002). Peter na Zita ni watoto wa mama anayeuza chakula Dar es Salaam. Wanafukuzwa skuli kwa kukosa sare na ada, na baba yao anamaliza pesa kwa pombe. Wanaingia mitaani na kwenye jaa la taka. Kinawafaa wa kidato cha kwanza na kuendelea. Tahadhari: mna ulevi na mna habari ya dawa za kulevya, lakini hakuna anayekisoma akatamani maisha hayo. Swali la kujiuliza: katika mtaa wetu, mtoto aliyeacha skuli tulimuuliza sababu, au tulimwita mtoro?

2. Takadini, cha Ben Hanson. Kwa miaka mingi riwaya hii imesomwa katika somo la Kiswahili, kidato cha tatu na cha nne. Ni habari ya zamani katika nchi ya Washona, Zimbabwe. Sekai amekaa miaka mingi bila ya mtoto, na anapojaaliwa anazaa mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe. Mama anambeba mgongoni na kukimbia usiku. Jina Takadini lenyewe ni swali: tumefanya nini? Nchi yetu ya Tanzania imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, hasa katika miaka ya 2000, kwa hivyo hii si habari ya mbali. Tahadhari: mna mila na ibada zisizo zetu, zisome kama habari za watu wengine. Swali: mwenzetu mwenye ulemavu chuoni, tumempa nafasi gani?

3. Siku Njema, cha Ken Walibora (1996). Mwandishi alikuwa Mkenya, alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Kongowea Mswahili amezaliwa Tanga, mama yake ni mwimbaji taarabu. Mama anafariki, mtoto anabaki kuteswa katika nyumba ya jamaa, kisha anashika njia kwenda Kenya, mpaka Kitale, kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili chake ni kitamu, na mwanafunzi anayetaka kuandika insha nzuri atafaidika. Nilikwisha sema kuwa kitabu cha kifo cha mama kitolewe kwa hadhari, na hiki ni kimoja wapo. Swali: yatima anayelelewa na jamaa ana haki gani, na Qur’ani imesema nini juu yake?

4. Does My Head Look Big in This?, cha Randa Abdel-Fattah (2005). Hiki ni cha Kiingereza, kimeandikwa na Muislamu wa Australia mwenye asili ya Kipalestina. Amal, msichana wa miaka kumi na sita katika mji wa Melbourne, anaamua kwa hiari yake kuvaa hijabu wakati wote, katika skuli ambayo hakuna mwengine aliyevaa. Nimekiweka hapa kwa ajili ya mabinti zetu wanaofanya kazi katika mahoteli na kuulizwa na wageni kwa nini wanajifunika. Kina maskhara mengi na kinachekesha. Tahadhari: mazungumzo ya skuli za kule yana uhuru ambao sisi hatuna, na yamo ya wavulana na wasichana. Swali: Amal amejifunika kwa ajili ya nani, na wewe je?

5. Mungu Hakopeshwi, cha Zainab Alwi Baharoon. Mwandishi ni mwanamke wa hapa hapa Zanzibar, na riwaya hii ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2018. Ni nyumba iliyotawaliwa na mume na baba mkali, na yale yanayowafika mke na watoto chini ya mkono wake. Jina lake ni msemo wetu: malipo ya dhuluma hayacheleweshwi. Kinawafaa wa kidato cha nne na kuendelea, na kinawafaa zaidi akina baba. Tahadhari: yapo machungu ya ndani ya ndoa. Swali: ukali na ulezi vinatofautiana wapi?

6. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili kikatoka mwaka 2022, Dar es Salaam. Mtoto wa miaka kumi na mbili anachukuliwa na tajiri mfanyabiashara ili kulipa deni la baba yake. Anafikiri anakwenda kutembea kwa ami yake. Jina lake Yusuf, na tajiri anaitwa Aziz.

Mmeyasikia majina hayo wapi?

Msomaji asiyeijua Suratu Yusuf anaweza kukisoma kitabu hiki bila ya kuyatambua majina hayo mpaka aelezwe. Nyinyi mliohifadhi Suratu Yusuf hamtahitaji kuelezwa. Mtakapofika kwenye bustani, kwenye ndoto, kwenye bibi wa nyumba ile, mtajua mwandishi anazungumza na kisa gani, na mtaona alipokifuata na alipoachana nacho. Hapo ndipo swali kubwa la kitabu lilipo: Yusuf (A.S.) alitolewa kisimani na jela akawa mwenye cheo, je, mtoto huyu aliyeuzwa katika wakati wa misafara na kuingia kwa Wajerumani atatolewa na nani? Mwisho sitausema, nisije nikavunja adabu ya nne. Kinawafaa waliomaliza kidato cha nne, na wazee wao. Tahadhari: mna lugha chafu ya watu wazima na mna dhuluma za kimwili.

Ndugu zangu, wako watu wanaodhani kuwa elimu ya chuo na vitabu vya skuli ni njia mbili zisizokutana. Kitabu hiki kinatuonyesha kuwa sura uliyoihifadhi kwa kutikisika juu ya mkeka ndiyo iliyokufungulia riwaya ya mshindi wa Nobel.

NENO KWA WAZEE WETU

Wazee wetu wapenzi, mkimkuta mtoto na kitabu msichokijua, msikichome wala msikifungie. Muulizeni kinahusu nini. Mkiwa mnasoma, kisomeni. Kama macho hayaoni vizuri au hamkubahatika kusoma, mwambieni awasomee kidogo kidogo usiku, kama alivyofanya yule binti. Mtajua kilichomo kitabuni, na mtajua kilichomo moyoni mwake, maana mtoto huuliza kupitia kwa mhusika jambo ambalo hathubutu kuliuliza kwa nafsi yake.

Mkiona kitabu hakifai, mwambieni sababu, na mpeni chengine. Mtoto anayenyang’anywa bila ya kupewa badala yake hatoacha kusoma, ataacha kukuonyesheni anachokisoma.

Kuhusu gharama: vitabu ni ghali, na si kila mzazi ataweza. Maktaba Kuu ipo Maisara mjini, na mwenye safari ya mjini anaweza kuwaazimia watatu. Familia nne zikinunua kitabu kimoja kimoja, zimepata vinne.

DAFTARI LA CHUO

Tumekubaliana kuweka daftari moja juu ya meza ya ofisi. Kila anayemaliza riwaya aandike ukurasa mmoja, kwa mpangilio huu:

Jina la kitabu na mwandishi.
Kinahusu nini (mistari mitatu tu, bila ya mwisho wake).
Kinamfaa nani.
Kheri yake.
Ila zake.
Swali moja la kuzungumza.
Jina la aliyesoma na darasa lake.

Siku ya Alhamisi, kwa kuwa chuo hufungwa, wanaotaka watakutana barazani baada ya Alasiri, wavulana na wasichana kila upande na msimamizi wao, na kila mmoja atamuelezea mwenziwe kitabu chake. Sala kwanza, kazi za skuli pili, kisha riwaya. Atakayechelewa sala kwa ajili ya hadithi atasimamishwa wiki mbili asiazime.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti baina ya kutaja dhambi na kuipamba. Toa mfano kutoka Suratu Yusuf.
2. Taja adabu tano za kupendekeza kitabu. Ipi unaiona ngumu kwako, na kwa nini?
3. Chagua kitabu kimoja katika sita vilivyotajwa. Muandikie rafiki yako barua fupi ya kumpendekezea, ukisema kheri yake na tahadhari yake.
4. Kwa nini haifai kuchukua hukumu ya dini kutoka katika riwaya?
5. Muulize bibi au babu yako hadithi moja aliyosimuliwa utotoni. Iandike, uilete chuoni.

KHATIMA

Mwaka jana mama mmoja alikuja chuoni kumuandikisha mwanawe. Nilimtambua aliponiamkia. Alikuwa yule mwanafunzi wangu. Tukajaza fomu, tukazungumza habari za wazee wake. Alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni, akasema kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo, “Maalim, kile kitabu cha kaka bado unacho?”

Nilikuwa nacho. Nikakitoa sandukuni nikampa, nikamuomba radhi. Akasema, “Nimeshakusamehe, maalim. Hatukukimaliza, mimi na mama.”

Mama yake yu hai, alhamdulillah, na nimesikia wameanza tena kutoka ukurasa wa kwanza. Safari hii mjukuu naye yupo jikoni anasikiliza, na ana maswali mengi.

Namuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye kuaminika katika ushauri wetu, atusamehe tulipohukumu bila ya elimu, na awafungulie watoto wetu milango ya kheri katika vitabu vyao vyote. Amin.

Wabillahi tawfiq.